Bomba la siti linaloshuka: je, linastahili bei yake?

Kaa na watu wanaoendesha baiskeli za milimani dakika kumi tu, lazima mmoja atakuambia kwamba kifaa kilichobadilisha kabisa uendeshaji wake ni "dropa". Kwa wasioijua, dropa ni bomba la siti linaloshuka na kupanda huku baiskeli inatembea. Unabonyeza kiwiko kidogo kwenye usukani, unaisukuma siti chini kwa makalio, unaachia, inabaki hapo. Ukibonyeza tena bila kuikalia, inapanda yenyewe hadi juu. Mwenzake aliyekaa pembeni atakwambia hiyo ni mbwembwe ya wenye hela: uzito wa bure, kitu kingine cha kuharibika, na bei ambayo kwa wengi wetu inanunua baiskeli nzima ya mtumba.

Wote wawili wanaongea kwa uhakika mkubwa, na hapo ndipo sisi watu wa maabara tunapoanza kukuna kichwa. Katika makala hii tunachukua sifa kuu ambazo wauzaji na mashabiki wa dropa huzitaja, tunazipima moja moja kwa fizikia ya kidato cha tano na sita, halafu tunatoa hukumu. Hesabu zote unaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu. Ukiona tumekosea mahali, sema.

Ugomvi wenyewe unaanzia wapi

Tuanze na mguu wako. Mwaka 1967 watafiti wawili, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba mwendeshaji hutoa nguvu vizuri zaidi pale umbali kutoka pedali iliyo chini kabisa hadi juu ya siti unapokuwa kama asilimia 109 ya urefu wa mguu, ukipimwa upande wa ndani kutoka msambani hadi sakafuni. Kama mguu wako ni sentimita 80, siti ikae sentimita 87 kutoka kwenye pedali. Kuna kanuni nyingine maarufu, inayohusishwa na bingwa wa Marekani Greg LeMond: zidisha urefu huohuo wa mguu kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya siti. Kwa sentimita 80 unapata 70.6. Ongeza mkono wa pedali wa sentimita 17, unafika 87.6. Njia mbili tofauti, jibu karibu lilelile.

Kwa hiyo siti ya juu haipo kwa ajili ya mapambano ya nani ana baiskeli kubwa. Ukiishusha sana unapandisha mlima huku magoti yamekunjwa, mapaja yanaungua mapema, na magoti yenyewe yanaanza kulalamika baada ya siku chache.

Sasa geuza baiskeli, elekea chini. Siti ileile iliyokusaidia kupanda inakaa katikati ya njia kama mgeni asiyejua kuaga. Unataka kurudisha mwili nyuma, inakuziba. Unataka kuinama, inakugonga tumboni. Gurudumu la nyuma likiruka kwenye mzizi, siti inakupiga teke kutoka chini. Kifupi ni kwamba kupanda kunataka baiskeli moja na kushuka kunataka nyingine, na wewe una moja.

Tatizo hili lina umri sawa na mchezo wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kushuka njia iliyoitwa Repack, karibu na mji wa Fairfax: zaidi kidogo ya kilomita 3, ikiporomoka karibu mita 400. Baiskeli zilikuwa mikweche mizito yenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki zilichemka mpaka grisi ikaungua, ikabidi zijazwe grisi upya, na jina Repack likatokana na kazi hiyo ya kujaza. Mmoja wa vijana wale, Joe Breeze, ndiye baadaye katika miaka ya 1980, pamoja na Josh Angell, alileta springi iliyoitwa Hite-Rite. Unafungua klipu ya siti, unaisukuma kwa makalio, unafunga. Ukifika chini unafungua, springi inairudisha juu. Wazo la dropa lilikuwa tayari limekamilika, kwa chuma kilichokunjwa tu! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Gravity Dropper ikauza bomba linaloendeshwa kutoka kwenye usukani, na mwaka 2010 RockShox wakatoa Reverb. Kuanzia hapo kifaa kikaacha kuwa cha wachache.

Ndani kuna nini

Dropa nyingi za leo ni mabomba mawili, moja likiteleza ndani ya jingine. Chini kuna hewa au naitrojeni iliyobanwa, inayosukuma juu muda wote. Kinachoizuia ni oili, iliyofungiwa na vali ndogo. Kwa kuwa oili haibanwi kirahisi, vali ikiwa imefungwa siti inasimama imara kama bomba la kawaida. Ukibonyeza kiwiko, waya unafungua vali, oili inahama, na siti inaenda kule inakosukumwa: chini kama uzito wako uko juu yake, juu kama umeinuka.

Kumbuka jambo moja hapa, maana tutalihitaji. Kiwiko hakikushushi. Wewe ndiye unayeshuka.

Sifa ya kwanza: "Inashusha kitovu cha uzito"

Hii ndiyo sentensi utakayoikuta kila mahali, na kama ilivyoandikwa, haina maana. Siti na kipande cha bomba kinachotembea vina uzito wa gramu mia kadhaa. Baiskeli na mtu wake ni kama kilo 85. Ukishusha nusu kilo kwa sentimita 15, kitovu cha uzito cha mzigo wote kinashuka kwa chini ya milimita moja. Hiyo haifiki hata unene wa shilingi.

Zaidi ya hapo, mteremshaji anayejua kazi hasitini kwenye siti kabisa. Anasimama juu ya pedali, mikono ya pedali ikiwa sawa na ardhi. Ukisimama wima hivyo, kitovu chako cha uzito kinaweza kuwa juu kuliko ulipokuwa umekaa. Faida inakuja pale tu unapokunja magoti na viwiko na kuuleta mwili mahali siti ilipokuwa. Wahenga walishamaliza: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Dropa inaondoa uvungu uliojaa masanduku. Kuinama ni juu yako.

Kwa hiyo anayenunua kifaa hiki halafu akateremka amekaa kwenye siti iliyoshushwa, magoti yakiwa kifuani, amenunua nafasi na hajaitumia. Hili wauzaji hawalisemi kwa sauti, maana nafasi inauzika dukani na ujuzi haupo kwenye rafu.

Sifa ya pili: "Unafunga breki bila kubinuka"

Hapa kuna fizikia ya kweli, tena nzuri. Ukibana breki ya mbele, nguvu ya ardhi inavuta gurudumu nyuma huku mwili unataka kuendelea mbele. Kuna kiwango ambacho ukikivuka gurudumu la nyuma linanyanyuka na wewe unaruka juu ya usukani. Kiwango hicho kinategemea namba mbili tu: umbali wa mlalo kutoka mahali gurudumu la mbele linapogusa ardhi hadi kitovu cha uzito, tuuite d, na kimo cha kitovu hicho juu ya ardhi, tukiite h. Kwenye mteremko wenye pembe fulani, kasi kubwa kabisa ya kupunguza mwendo ni:

g × (kosaini ya pembe × d/h − saini ya pembe)

Tuweke namba. Chukua mteremko wa nyuzi 20, yaani asilimia 36. Huo ni mkali. Barabara ya lami haifiki hapo, ila njia ya miguu inayokata kona za mlimani inafika. Mwendeshaji mwenye siti ya juu, asiyejitahidi kurudi nyuma, tumpe d ya mita 0.65 na h ya mita 1.10. Jibu ni 0.21 g. Akiwa kwenye kilomita 20 kwa saa, anahitaji kama mita 7.4 kusimama.

Mshushie siti, ainame na kurudi nyuma: d iwe 0.80, h iwe 0.95. Sasa anapata 0.45 g, na anasimama ndani ya mita 3.5. Zaidi ya nusu ya umbali imepotea, kwa mwili kusogea sentimita 15 tu kila upande! Ndiyo maana watu wanarudi kutoka safari ya kwanza na dropa macho yamewatoka.

Lakini ukosoaji hauishii pale hesabu inapopendeza. Kuna mashimo mawili.

La kwanza: tumemlinganisha mwenye dropa na mtu asiyejua kuendesha. Mzoefu mwenye siti ya juu hurudisha makalio nyuma ya siti, tumbo likiwa juu yake. Tumpe d ya 0.75 na h ileile ya 1.10. Anapata karibu 0.30 g, anasimama kwa mita 5.3. Pengo limepungua sana. Gharama yake ni kwamba amenasa kule nyuma: mikono imenyooka, gurudumu la mbele halina uzito wa kutosha kukata kona, na siti iko kati yake na mahali anapotakiwa kurudi. Amepona kubinuka, ila usukani sasa unaamua wenyewe.

La pili ndilo zito zaidi. Hesabu yetu ilidhani tairi haitelezi. Njia zetu nyingi ni vumbi, kokoto na majani makavu. Tuchukulie kiwango cha msuguano ni 0.6. Kwenye mteremko uleule wa nyuzi 20, msuguano wenyewe unakuruhusu 0.22 g tu, hata kama kitovu chako cha uzito kiko kisigino. Yaani mwenye siti ya juu (0.21) na mwenye dropa (0.22) watasimama karibu mahali pamoja, kama mita 7 mbele, mmoja akinukia mpira sawa na mwenzake. Ardhi ikiwa imara zaidi, tuseme 0.8, msuguano unaruhusu 0.41 g, na hapo mwenye dropa anaitumia karibu yote huku mwenzake akikwama kwenye 0.21 yake.

Kwa hiyo "unafunga breki haraka zaidi" ni kweli kwenye mwamba, mizizi mikavu na udongo ulioshikana. Kwenye vumbi si kweli. Kinachobaki hata kwenye vumbi ni akiba. Yule wa siti ya juu alikuwa ukingoni: jiwe moja likishika gurudumu la mbele, nguvu ya jiwe haijali kiwango cha msuguano cha vumbi, anaenda. Mwenye dropa bado ana nafasi ya kukosea. Mimi naona hiyo akiba ina thamani kuliko mita za kusimama, maana shingo na mifupa ya bega huvunjika kwa kubinuka namna hii.

Ila na akiba nayo inaweza kuliwa. Mtu akijisikia salama huongeza mwendo. Umbali wa kusimama unakua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 25, umbali unazidishwa kwa 1.56, na zile mita 3.5 zinakuwa 5.5. Ukienda 29 umerudi palepale pa mita 7.4, tofauti ni kwamba ukianguka unaanguka na nishati mara mbili. Kifaa hakiwezi kukuamulia utumie faida yake kwenye usalama au kwenye mwendo.

Sifa isiyotajwa sana, na ndiyo bora

Cha ajabu, hoja yenye nguvu kuliko zote husemwa kwa sauti ndogo. Miguu yako ndiyo shokapu kubwa kuliko zote kwenye baiskeli. Baiskeli ya njia za milimani ina shokapu zenye mchezo wa milimita 100 hadi 150 hivi. Ukisimama juu ya pedali magoti yakiwa yamelegea, baiskeli inaweza kupanda na kushuka chini yako huku mwili ukielea karibu palepale. Lakini inapanda mpaka siti ikuguse, basi. Siti ikiwa kwenye kimo cha kupandia, nafasi iliyobaki ni vidole vichache. Ukiishusha milimita 150, umeongeza milimita 150 za mchezo kwenye mfumo mzima, sawa na kuongeza shokapu nyingine nzima bila vali wala springi.

Na faida hii haitegemei msuguano. Iko kwenye vumbi, kwenye tope, kwenye mawe. Tairi inayofuata ardhi badala ya kurukaruka inashika zaidi, kwa hiyo breki na kona zote zinafaidika mlango wa nyuma. Kwenye kona pia unaweza kuilaza baiskeli peke yake huku mwili ukibaki wima zaidi, kwa kuwa paja halizuiwi na siti. Ningekuwa nauza dropa, ningeanza na hili, na neno "kitovu cha uzito" nisingelitaja kabisa.

Uzito: hofu iliyokuzwa

Upande wa wapinzani nao tuupime. Dropa nyingi zina uzito wa gramu 500 hadi 800. Bomba la kawaida jepesi ni 200 hadi 300. Tuseme umeongeza gramu 400. Ukipanda mlima wenye urefu wa wima wa mita 400, kama ule wa Repack, nishati ya ziada ni 0.4 × 9.81 × 400, kama jouli 1,570. Mtu anayetoa wati 200 analipa deni hilo kwa sekunde 8.

Sekunde 8, katika mpando unaomchukua karibu nusu saa! Ukisimama mara moja tu kushusha siti kwa mkono na mara moja kuipandisha, umeshapoteza zaidi. Kwa mtu asiyeshindana, hoja ya uzito imekufa hapo. Chupa ya maji iliyojaa nusu ina uzito uleule. Kwa mshindani wa mbio za nchi kavu ambaye hasimami na anateremka na siti juu, swali linabaki: je, njia ya kushuka itamrudishia sekunde 8? Kama mteremko ni laini, hapana. Kama una mawe na kona kali, fizikia ya hapo juu inasema inawezekana sana.

Ushahidi wa Poggio, na mipaka yake

Mashabiki wana silaha moja ya mwisho. Tarehe 19 Machi 2022, Mslovenia Matej Mohorič alishinda Milano-Sanremo, mbio za lami za karibu kilomita 300, akiwa na dropa kwenye baiskeli ya lami. Alichomoka kwenye mteremko wa Poggio, akanusurika kuanguka, akafika Sanremo sekunde 2 mbele ya Anthony Turgis na Mathieu van der Poel. Shirikisho la kimataifa, UCI, lilikuwa limepiga marufuku tangu Aprili 2021 ule mtindo wa kukalia fremu wakati wa kuteremka, na bomba la kushuka likawa njia halali ya kuinama zaidi.

Hadithi tamu. Lakini tukiwa watu wa sayansi tuulize: bila dropa angeshindwa? Hatuna Mohorič wa pili aliyeteremka siku ileile bila kifaa. Tuna mtu mmoja, mmoja wa wateremkaji hodari kuliko wote, aliyeamua siku hiyo kuhatarisha kuliko wengine. Inawezekana dropa ilimpa zile sekunde 2, inawezekana imani yake kwenye dropa ndiyo iliyompa, inawezekana angezipata hata kwa bomba la kawaida. Tukio moja haliwezi kutenganisha hizo tatu. Na miaka imepita, washindani wa lami wengi bado hawajaifuata. Ushindi ule unathibitisha kwamba dropa haimzuii mtu kushinda. Zaidi ya hapo tunakuwa tunasimulia.

Gharama isiyo kwenye kibandiko cha bei

Dropa ya waya inaanzia kama dola 100 na kitu; zile zisizo na waya, kama Reverb AXS iliyotoka 2019, ziliuzwa karibu dola 800. Lakini bei ya dukani ni mwanzo tu.

Kwanza, kipenyo. Dropa nyingi zinatengenezwa kwa 30.9, 31.6 au 34.9 mm, chache kwa 27.2. Baiskeli nyingi za mtumba zinazotembea mitaani kwetu zina fremu za zamani zenye tundu dogo kuliko hayo, na hazina tundu la kupitishia waya ndani. Pima kabla hujatuma hela. Bomba dogo unaweza kulivika mkanda wa bati likae kwenye tundu kubwa. Kubwa halitaingia kwenye dogo hata fundi aapize.

Pili, vumbi. Kinachozuia uchafu usiingie ndani ni mpira mwembamba shingoni mwa bomba. Ukipanda siku nzima kwenye udongo mwekundu halafu ukaacha bila kufuta, mpira huo unageuka msasa. Siku moja hewa inavuka kuingia kwenye oili, na kwa kuwa hewa inabanwa, siti inaanza kuzama kidogokidogo kila ukikaa. Aina nyingi zina moyo uliofungwa kabisa: haufunguliwi, unabadilishwa mzima, na huo utauagiza. Fundi wa mtaani anayeweza kunyoosha rimu kwa macho hana cha kufanya hapo, na si kosa lake. Klipu ya kufungua kwa mkono, kwa upande mwingine, ataitengeneza kwa nyundo na msumari.

Tatu, mzigo. Kwa anayebeba maziwa, mkaa au abiria, baiskeli ina kariya nyuma, na kariya inaziba kila kitu dropa inachokupa. Huyu asipotezewe muda.

Pima mwenyewe

Namba zetu za d na h ni za mtu wa kufikirika. Zako unaweza kuzipata kwa mizani ya bafuni na rafiki mmoja. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani na la nyuma juu ya ubao wa kimo kilekile. Simama juu ya pedali, ncha ya kidole ikigusa ukuta kidogo tu usianguke, rafiki asome mizani. Gawa usomaji kwa uzito wa jumla wako na baiskeli, zidisha kwa umbali kati ya ekseli mbili: umepata kitovu kiko umbali gani kutoka ekseli ya nyuma. Mfano: kilo 37 kati ya 85, ekseli zikiwa mita 1.15, ni mita 0.50 kutoka nyuma, yaani d ya 0.65. Ukishusha siti na kurudi nyuma mpaka mizani isome 26, d yako ni 0.80.

Kwa h, nyanyua gurudumu la nyuma sentimita 20 zaidi, kaa mkao uleule, soma tena. Ongezeko la kilo lizidishe kwa umbali wa ekseli, gawa kwa uzito wa jumla, halafu gawa kwa 0.177. Hicho ni kimo juu ya ekseli. Ongeza nusu kipenyo cha gurudumu, una h. Mtu wetu wa mfano angeona mizani ikitoka 37 hadi karibu 47. Fanya kwa siti ya juu, kisha ya chini, weka namba kwenye fomula. Kama tofauti yako ni ndogo, tatizo liko kwenye mkao wako, na dropa haitalitibu mpaka ujifunze kuinama.

Hukumu

Je, inastahili? Jibu letu linategemea swali moja: katika safari yako ya kawaida, ni mara ngapi ungetaka kubadilisha kimo cha siti?

Chukua barabara ya Lushoto hadi Mombo. Inashuka karibu mita 1,000 katika kilomita kama 33, wastani wa asilimia 3, lami. Hakuna mahali hapo ambapo d na h zinakaribia hatari kwa sababu ya mteremko. Cha kuogopa ni kona na mabasi. Dropa haina kazi. Chukua safari ya kupanda asubuhi nzima na kushuka njia ya miguu jioni: unabadilisha mara moja. Klipu ya mkono na alama ya kalamu kwenye bomba vinatosha, na hela inabaki mfukoni. Lakini zile njia za kijiji hadi kijiji za Usambara au Uluguru, zinazopanda dakika tatu, zinashuka ngazi za udongo na mizizi, zinavuka kijito na kupanda tena, mara ishirini kwa siku? Hapo hakuna mtu atakayesimama mara arobaini kufungua klipu. Ataacha siti juu na kubahatisha, au ataiacha chini na kuumia magoti. Kwa mtu huyo dropa inalipa, na inalipa kuliko kupunguza gramu kwenye fremu au kununua shokapu ghali zaidi.

Foleni ya manunuzi, kwa maoni yetu: kofia ngumu kwanza, breki zinazoshika pili, matairi yenye meno tatu. Baada ya hapo, kama ulihesabu mabadiliko zaidi ya kumi kwa siku na fremu yako ina tundu la kutosha, nunua dropa ya waya ya bei ya chini, futa shingo yake kila ukirudi nyumbani, na tenga wiki mbili za kujifunza kukunja magoti na viwiko. Kama ulihesabu mawili, kanunue klipu nzuri.